Kuzhali Aliyeuliza Kila Mtu Alisoma Nini

Mwenye shaka na aje na shaka yake, akae nayo pembeni. Katika kijiji kimoja nje kidogo ya Pollachi, kusini mwa India, kule ambako minazi imesongamana hata jua huingia kwa kubisha hodi, kulikuwa na mwashi jina lake Sengodan. Masharubu yake yalisimama hivi kwamba kunguru wawili wangeweza kutua, mmoja huku na mmoja huku, wakatukanana siku nzima wasifikiane. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za upande ule, na katika kila nyumba alipigiwa kelele na mhandisi. Wahandisi wenyewe vijana, ndevu hazijajua zitokee wapi, wamesimama chini ya mwavuli wakinyoosha kidole: ukuta huu bomoa, ule inua. Sengodan akabomoa, akainua, jua likimpika utosi.

Basi binti yake wa pekee, Kuzhali, alipomaliza darasa la kumi na mbili kwa alama mia tano arobaini na moja katika mia sita, Sengodan hakumwuliza kitu. Alipanda basi kwenda mjini akanunua mwavuli.

"Uhandisi wa ujenzi," alisema, akiulaza mwavuli mapajani mwa binti. "Miaka minne tu. Halafu na wewe utasimama kivulini umwambie mtu abomoe."

Mwavuli Kuzhali aliupenda. Uhandisi ndio uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu ana miaka sita alijua anachotaka: kuwa yule mtu anayekaa kwenye kiti cha plastiki, anasema "tena," na watu mia mbili wanarudia. Kijiji chao kilikuwa kimezoea watu wa filamu. Malori yao yalikuja kila mwaka kufuata ile minazi, hata ng'ombe wa pale walijifunza kutulia kamera ikiwashwa, na yupo mmoja wa jirani aliyegoma kukamuliwa mpaka apakwe poda.

Tatizo ni moja: ili ufike kwenye kile kiti cha plastiki, unasoma nini? Mjini Coimbatore kulikuwa na chuo chenye kozi ya filamu, na Kuzhali aliitaka hiyo. Sengodan alisema filamu hazisomewi, hutazamwa, tena ukishamaliza kazi. Fomu ya vyuo ingefungwa Jumamosi, naye angetia sahihi kwenye chaguo moja tu. Walikuwa wameshazozana wiki nzima. Mama yake Kuzhali akatangaza kwamba yeye anataka chochote kitakachomfanya alale.

Mwisho alisema Nachiyammal, mama yake Sengodan. Bibi huyu alikuwa mtunga asmini. Miaka sitini vidole vyake vilitunga maua hata akiwa usingizini, na asubuhi wakikuta pazia limeshonwa kwenye mto hawakushangaa.

"Acheni kelele, mnanikatia uzi," alisema. "Mpelekeeni Mariamma aamue."

Jambo zito kule huamuliwa hivyo, iwe ndoa, kisima au mpaka wa shamba. Ua jekundu na ua jeupe, kila moja hufungwa peke yake katika jani la ndizi, vifurushi vikawekwa hekaluni miguuni pa Mariamma, mungu wa kike wa kijiji, mtu akaokota kimoja. Kilichomo ndiyo hukumu, na hakuna rufaa.

"Sawa," alisema Sengodan. "Jekundu uhandisi, jeupe filamu. Iwe Ijumaa. Likitoka jeupe nitatia sahihi, na huo mwavuli nitampa mbuzi."

"Maua nafunga mimi," alisema bibi. "Au kuna mwingine hapa mwenye vidole?"

Kuzhali alikubali upesi, na kukubali kwake kulikuwa na sababu. Ua jeupe la kwao ni asmini, na asmini hunukia. Lile jekundu wanalolipanda uani halinuki kitu. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ile angeweza kunusa asmini nyuma ya majani matatu na ukuta wa matofali. Mariamma ataamua, ndiyo, lakini pua ndiyo itakayoongoza mkono.

Jumatatu malori ya filamu yakaja. Yalikuwa mengi hivi kwamba la mwisho lilipoingia kijijini, dereva wa la kwanza alikuwa amekwisha kuchumbia. Kuzhali akawaza: kama nakwenda kumwibia Mariamma hukumu, angalau nijue naiba nini. Akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kuuliza.

"Samahani, kaka, wewe ulisoma nini?"

"Mimi?" alisema mpiga picha, jicho moja limefumba. "Fizikia. Kisha filamu. Ondoka kwenye mwanga wangu."

Mtu wa sauti alisomea uhasibu. Mpambaji wa waigizaji alikuwa hakusoma, ila alipaka nyuso za mawaziri watatu wasizeeke. Mwuguzi wa farasi alikuwa na shahada ya fasihi, na alisema farasi wanasikiliza kuliko wanafunzi. Kuzhali alipofika jikoni, mpishi aliyekuwa akikoroga sufuria la sambari, ule mchuzi wa dengu, lenye kina cha kisima alimjibu bila kugeuka: "Sheria."

"Sheria, mjomba? Sasa mbona uko hapa?"

"Hapa nikisema chumvi imetosha, hakuna anayekata rufaa."

Kufika Jumatano jioni alikuwa ameuliza watu arobaini na wawili na kupata majibu thelathini na tisa. Badala ya kupungua, udadisi ulimvimba tumboni kama unga wa chapati za dosa uliochachuka.

Jumatano hiyohiyo walikuwa wanapiga picha ya binti wa filamu anayeamka alfajiri, ananunua asmini mlangoni, anaipachika nyweleni na kutabasamu. Saa ya kweli ilikuwa moja jioni. Alfajiri waliitengeneza kwa taa na moshi. Kuzhali alisimama nyuma ya kamba na wanakijiji wengine. Mwongozaji akasema sawa, tumepata, na watu wakaanza kukunja nyaya.

"Hamjapata," alisema Kuzhali. Alidhani amesema moyoni. Kumbe hata ng'ombe wa poda aligeuka.

Mwongozaji, bwana mnene mpole aitwaye Adalarasan, alitafuta sauti ilikotoka. "Nani huyo?"

"Mimi, bwana. Shikamoo. Hayo maua ni ya jioni."

"Asmini ni asmini, mama."

"Hapana, bwana. Ukinunua alfajiri unapewa matumba yamefumba, magumu kama mchele. Yanafunguka jua likizama. Haya yako yamefunguka yote. Mtu akiyaona haya kichwani mwa msichana saa kumi na mbili asubuhi, hatasema ameamka. Atasema ndiyo kwanza anarudi nyumbani."

Mpishi akacheka, akafuata farasi, na binti wa filamu akacheka mpaka poda ikapasuka.

"Iniyal!" aliita mwongozaji.

Akaja msichana mwembamba mwenye daftari nene. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu, nani amevaa nini, glasi ina maji kiasi gani, ili picha ya leo ioane na ya jana. Alifungua ukurasa, akamwonyesha Kuzhali bila kinyongo. Palikuwa pameandikwa: *asmini, urefu wa mkono mmoja*.

"Nikadhani nimemaliza," alisema Iniyal.

"Nina watu wa kamera hapa wa kujaza basi," alisema Adalarasan, "na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Watazamaji wa Madurai wangenizomea mpaka kwenye maegesho. Kesho alfajiri tunarudia. Mama, leta maua yaliyofumba."

"Nitaleta. Na wewe bwana, ulisoma nini?"

"Kilimo," alisema Adalarasan. "Baba yangu bado anangoja nirudi nipande mpunga."

Iniyal alikuwa ndiye aliyesoma ile kozi ya filamu yenyewe, chuo kilekile. Kuzhali alimganda kama kupe. Inafundisha nini? Kuna kamera ngapi? Ulijuta?

"Sijuti, dada," alisema Iniyal. "Nilijua taa, nilijua kukata picha. Lakini wenzangu humu wameyajua hayohayo kwa kubeba masanduku na kutukanwa miaka miwili. Ukitaka kujua kozi nzuri, mimi sina jibu. Nina swali tu. Wewe unaangalia nini hata kama hakuna anayekulipa?"

Kuzhali alirudi nyumbani na swali hilo.

Alhamisi kabla ya mapambazuko walikaa barazani, yeye na bibi, wakitunga yale matumba ya kupeleka kwenye filamu.

"Bibi, kwa nini asmini inangoja jioni? Nani anaiambia saa imefika?"

"Mimi."

"Bibi!"

"Usiku uliopita nilichelewa kuiambia, ikafunguka asubuhi. Hukumbuki?"

"Kuna watu wanasomea hayo. Pale mjini chuo kina kozi ya mimea. Miaka mitatu." Kuzhali alivuta uzi. "Filamu nazitaka kuliko wali, bibi. Ila jana, pale, mimi sikujua kamera. Nilijua ua. Na hata ua lenyewe sijui kwa nini."

"Kwa hiyo jekundu hutaki."

"Sitaki."

"Na jeupe?"

Kuzhali aliongeza ua jingine kwenye uzi, haraka.

"Umeruka fundo," alisema bibi. "Rudi."

Ijumaa walikwenda hekaluni. Sengodan alioga mara mbili, masharubu akayapaka mafuta ya nazi. Kuhani Velappan alivipokea vifurushi viwili kutoka kwa Nachiyammal, akaviweka miguuni pa Mariamma, akapiga kengele. Nje ya kizingiti mbuzi mmoja wa nadhiri alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu kuliko ilivyofaa.

Kuzhali alipiga magoti. Afadhali jeupe, alijiambia; jeupe halinipeleki kwenye saruji. Akainama, akavuta pumzi.

Asmini, kushoto.

Akavuta tena. Asmini, kulia.

Akasogeza pua karibu. Vyote viwili vilinukia kama nywele za bibi harusi. Akageuka kumtazama bibi yake. Bibi alikuwa akihesabu mijusi darini.

"Unaokota au una mafua?" aliuliza Sengodan.

Kuzhali akafumba macho, akaokota cha kushoto. Kuhani alikifungua polepole, kama mtu anayemvua mtoto kofia.

Ndani mlikuwa na ua la manjano; jani ndilo lililosuguliwa asmini.

"Mama!" alifoka Sengodan.

"Nini? Macho yangu yamekwisha. Nimefunga nilichogusa."

"Miaka sitini unatunga maua gizani hujakosea hata moja!"

"Basi hilo ndilo la kwanza. Ungependa nife bila kukosea?"

Kuhani Velappan alikuna kichwa. "Jekundu tunalijua. Jeupe tunalijua. Manjano, tangu babu yangu, halijatoka. Linasemaje hili?"

"Linasema Mariamma hajui," alisema bibi. "Na yeye asipojua hufanya kama watu wenye adabu. Humwuliza mwenyewe."

Sengodan alifungua mdomo kubisha, ukabaki wazi. Alihesabu siku zote alizozungumza, mwavuli, wahandisi, kivuli, na katika zote hizo hakuona mahali alipouliza. Masharubu yakateremka, mara ya kwanza tangu harusi yake.

"Haya, Kuzhali," alisema. "Wewe unataka kusoma nini?"

Swali hilohilo Kuzhali alikuwa amewatupia watu arobaini na wanne, jepesi kama ganda la karanga. Sasa lilimrudia na uzito wa jiwe la kusagia.

"Mimea, baba. Pale mjini, miaka mitatu. Na filamu sijaiacha, sikufichi. Dada Iniyal amenipa namba yake. Kila likizo nitakwenda kushika daftari. Mwaka wa tatu ukiisha naenda Chennai, kwenye filamu zenyewe."

"Mimea! Umelala juu ya maua bure tangu kuzaliwa, leo nikulipie ada uyajue?"

"Baba, wewe umeshika saruji miaka thelathini. Kwa nini inakuwa ngumu?"

"Inakauka."

"Mbona ukiimwagia maji ndiyo inazidi kuwa ngumu?"

Sengodan alimtazama kuhani. Kuhani alimtazama Mariamma. Hakuna aliyejua.

"Kweli," alisema Sengodan taratibu. "Kwa nini?"

"Sijui. Lakini na wewe sasa unataka kujua."

Sengodan alikohoa, akakumbuka kwamba yeye ni baba. "Kuna kifurushi cha pili," alisema. "Tukifungue, tuone kama Mariamma hakukosewa."

Wakageuka. Mbuzi wa nadhiri alikuwa amefika mpaka mwisho wa kamba yake, shingo ndani ya kizingiti, akitafuna taratibu. Ncha ya jani la ndizi ilikuwa bado inaning'inia mdomoni. Ikaingia nayo.

"Lilikuwa rangi gani?" aliuliza kuhani.

"Mwulize aliyekula," alisema Nachiyammal, akatoka kuvaa ndala zake.

Jumamosi Sengodan alitia sahihi, saa moja kabla ya fomu kufungwa.

Mwavuli haukwenda kwa mbuzi, maana jeupe halikutoka. Upo chuoni pale mjini, na umekwisha kupauka. Alasiri masomo yakiisha, Kuzhali huusimika mbele ya kichaka cha asmini kilicho nyuma ya maabara, akakaa chini yake na daftari mapajani, akingoja kuona tumba lipi litatangulia kufunguka. Wanafunzi wa mwaka wa tatu humwita Mhandisi. Na kila Jumapili simu hulia, na kabla hata ya salamu, Sengodan huuliza kama kule wameshasema lolote kuhusu saruji.