Uta wa Shimo wa Shangazi Dafroza

Shangazi yangu Dafroza hakuwahi kuwa na chombo cha muziki cha kubebeka. Chake kilikuwa ardhini, nyuma ya nyumba yake pale Mugango, hatua chache kutoka kwenye jabali alipoanikia dagaa. Mgeni akikiona alidhani ni mtego wa ndege.

Alikichimba mwenyewe mwaka alioolewa. Shimo la kina cha mkono mzima, mdomo mwembamba, tumbo pana kama mtungi. Juu akalifunika kwa bati la debe lililopondwa likalala, akalibana pande zote kwa vigingi vya mti. Katikati ya bati akatoboa tundu, akapitisha kamba ya nailoni na kuifungia kijiti kwa chini isichomoke. Pembeni akasimika ufito mbichi, akaupinda, na ncha ya kamba akaifunga juu yake. Mkono wa kushoto ulipouvuta ufito, kamba ilikaza na sauti ikapanda. Ulipoulegeza, sauti ikashuka. Mkono wa kulia ulicharaza.

“Watu wanafikiriaga ni kamba inayolia,” aliniambia nikiwa mdogo. “Kamba inaitaga tu. Anayeitikia ni shimo.”

Ulikuwa mlio mzito, wenye mtetemo, unaoanza kusikika kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Jumapili baada ya misa wanawake walikuja na mikeka, wakaimba wakiufuata. Mume wake, Alfonce, hakuwahi kukaa nao. Alikuwa mvuvi mwema, mpole, lakini majirani walipomsifia mkewe alikuwa na jibu lake moja: “Mke wangu anawapigiaga panya.” Watu walicheka. Shangazi naye alicheka, ila neno lile lilimkaa.

Kisha ikaja ile miaka ya dhiki. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na karani wa kuzilinda. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Alfonce akaanza kupeleka samaki wakavu upande wa Kenya kwa mtumbwi na kurudi na sabuni. Nyumbani sabuni ilifika kipande kimoja kimoja, na Shangazi hakuuliza vingine viko wapi. Nadhani hakutaka kujua.

Mwaka 1983 redio ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Siku hizo Shangazi alikuwa Bunda kwa dada yake aliyejifungua. Alirudi jioni, amechoka, akalala. Kesho yake asubuhi katibu kata, Enoka, akaingia uani na mgambo wawili.

Walipekua nyumba, wakapekua ghala, wakainua kitanda, wakabomoa rundo la kuni. Hawakuona kitu. Enoka akaomba maji, akanywa amesimama. Kofia yake alishaivaa tayari kuondoka, ndipo jicho lake likaangukia nyuma ya nyumba.

“Mama, na kile ni nini? Mtego?”

“Huo ni uta wangu,” Shangazi akasema. “Ninapigaga.”

“Unapiga bati? Linatoa sauti?”

“Waache waende, Mama Pelagia,” Alfonce akamwambia mkewe haraka. “Wana kazi nyingi.”

Angesema maneno yale kwa sauti nyingine, labda angemwelewa. Lakini Shangazi alichosikia ni panya. Miaka yote ile ya kudharauliwa mbele za watu, na leo mkubwa wa kata mwenyewe ameuliza.

“Wakae kidogo,” akajibu. “Mgeni hatoki hajasikia.”

“Dafroza.”

Hakuwa akimwita kwa jina mbele ya watu. Hata hilo halikumshtua. Alikwishaketi, miguu ameinyoosha, ufito mkononi. Akauvuta, akacharaza.

Sauti haikutoka. Kilitoka kishindo kikavu, kama mtu anagonga gunia la mahindi. Akakaza zaidi, akacharaza tena. Yale yale. Mgambo mmoja akacheka. Shangazi akahisi uso unamwaka kwa aibu. Akaikagua kamba, nzima. Akavigusa vigingi, vimeshika. Akaweka kiganja juu ya bati, akaligonga kwa kidole, na hapo akasema maneno ambayo hakuacha kuyarudia mpaka uzeeni:

“Kuna kitu humo ndani.”

Akang’oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa miche ya sabuni, imefungwa kwenye nailoni na kupangwa kutoka chini hadi mdomoni, na juu yake betri za redio. Enoka akavua kofia polepole, akachutama kutazama.

Alfonce hakukimbia. “Ni mali yangu,” akasema. “Huyu hakujua. Alikuwa Bunda, ulizeni.” Wakamchukua. Alipopita karibu na mkewe alimtazama, na Shangazi anasema hakuona hasira, aliona mtu anayetaka kusema kitu na hana nafasi.

Alifungwa miaka miwili. Shangazi alilima mihogo, akaanika dagaa, akalijaza shimo majivu na takataka mpaka likawa sawa na ardhi. Kijijini kuna walionong’ona kwamba alimchongea mumewe kwa makusudi, kwamba kuna mwanamume nyuma ya jambo hilo. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili.

Alfonce alitoka amekonda, mvi zimemjaa. Shangazi alimpigia magoti mlangoni. Akamwinua.

“Ningekuambia,” alisema. “Niliogopa ukijua utatetemeka wakija. Kosa ni langu.”

Basi. Hakulizungumza tena. Shangazi aliniambia angependa agombe, hata ampige kofi moja, yaishe. Upole ule ulimtesa kuliko maneno ya kijiji.

Walihamia Musoma, wakapanga chumba Nyasho. Yeye aliuza dagaa sokoni, Alfonce akashona nyavu za watu. Mambo yakabadilika nchini, biashara ikafunguliwa, na haukupita muda maduka yakajaa sabuni hadi kwenye ngazi za nje. Siku moja wakipita, Alfonce alisimama, akauchukua mche mmoja, akaunusa.

“Hata rangi ni ile ile,” akasema. Akaurudisha, wakaendelea na safari.

Mwaka 1992, jioni moja wakiwa wameketi mlangoni, Alfonce alimwambia, “Tafuta mahali hapa uani uchimbe. Sijawahi kukaa nikakusikiliza.”

Shangazi alishtuka. “Hapa pana mawe matupu,” akajibu.

“Mbona jirani amepanda mchicha?”

“Basi mvua zikinyesha. Udongo ukilainika nitachimba.”

Hakuwa akingoja mvua. Aliogopa kukaa mbele yake na kuushika ufito. Alfonce hakusisitiza. Mwezi uliofuata alikwenda mazikoni Butiama, akarudi na homa, na hakumaliza wiki.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu Murangi. Nilimsihi Shangazi aje anifundishe, maana wanawake wa umri wake waliojua walikuwa wamebaki wachache. Alikataa mara mbili, ya tatu akaja. Alizunguka uwanja akikanyaga kwa kisigino na kusikiliza. Sehemu ya kwanza akasema ni mchanga, utaporomoka. Ya pili ina unyevu. Ya tatu akanionyesha kwa kidole.

Nikachimba mimi. Bati nikaliponda mimi, kamba nikafunga mimi, yeye amesimama pembeni mikono ameifunga nyuma.

“Shangazi, piga hata mara moja nisikie inavyotakiwa.”

“Wewe piga. Nitakuambia.”

Nikapiga. Ardhi ikatetemeka kidogo chini ya mapaja yangu. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakatua ndoo zao.

“Umekaza mno,” akasema. “Legeza. Hapo. Usiwahi, liache limalize kuitika.”

Nilirudia mara nyingi siku ile, na kila mara alinisahihisha kwa maneno tu. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamtiririka, naye akinionyesha kwa kidevu kwamba niendelee.