Motyka, Motika na Posa Yangu

Nakumbuka asubuhi moja kule Mang'ola, mwanangu, nikiwa binti, na baba yangu amekwisha kukataa posa ya Masanja, kijana wa Kisukuma aliyelima vitunguu jirani yetu. "Kwao hatukujui," alisema baba, Mwiraqw asiyependa kurudia neno. Masanja hakununa. Aliendelea kulima, na kila akipita alitusalimia.

Asubuhi hiyo mfereji ulibomoka, maji yakaanza kuvamia vitunguu. Tulitoka wote kuuziba, Masanja naye, pamoja na wageni wawili wa mradi wa maji: Zdenka, mama wa Kicheki, na Stoyan, fundi kutoka Bulgaria. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. Katika haraka ile Zdenka akanyoosha mkono kuomba jembe, Kiswahili kikamtoroka, akasema kwa lugha yake, "Motyka."

Stoyan aligeuka kama aliyeitwa jina. "Motika," akajibu, akampa.

Tulipokwisha kuziba, baba akawauliza kulikoni. Zdenka akasema kwao na kwa kina Stoyan jembe huitwa karibu sawa, Wapolandi na Waserbia nao wanalo neno hilo, na Warusi husema motyga.

"Nani alimpa mwenzake neno hilo?" akauliza baba.

"Hakuna, mzee," akasema Stoyan. "Tumelirithi kwa mababu waliokuwa na lugha moja. Wao walilitoa wapi, wataalamu bado wanabishana. Wengine wanaliona ndugu wa neno la Kilatini cha kale, wengine wanakataa."

Akili ni nywele, mwanangu. Hata wasomi kila mmoja ana zake.

Baba akamgeukia Masanja. "Kwenu jembe hili mnaliitaje?"

"Igembe, baba."

"Igembe, jembe. Basi Kiswahili ni ndugu yenu. Sisi Wairaqw tuna letu, halifanani kabisa." Akaegemea mpini. "Lakini tumelima jirani muda wote huu, na hili ndilo swali langu la kwanza kwako. Jioni njoo nyumbani, unieleze habari za kwenu."

Alikuja. Mazungumzo hayakuwa mepesi, lakini niliolewa, na wanangu wa kuzaa wanasema Kisukuma na Kiiraqw bila kujikwaa.

Sasa wewe unapokea wageni pale Karatu, na nasikia unawahukumu kabla hawajafungua kinywa. Kuuliza si ujinga. Mwulize mtu kwao wanakiitaje kitu unachokishika kila siku. Mkifanana, furahi; msipofanana, jifunze neno lake. Usimkatae mtu ambaye hujamwuliza kitu.

Mungu akupe masikio mapana, mwanangu, na nyumba yako isipungukiwe wageni.