Nazi Mbili Tunaziita Moja

Kipupwe cha mwaka jana niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, hapa Pongwe. Ni wa kike, alikuwa darasa la pili, namlea mimi. Barua niliisoma mwenyewe herufi kwa herufi, maana shule niliishia darasa la tatu na sioni haya kusema. Mwalimu kaandika mtoto hajui kuhesabu, anataka kumrudisha darasa la kwanza.

Nilikasirika. Mtoto huyu kila jioni tunahesabu naye nazi, rundo zima, na hakosei! Nikajifunga kanga, nikaenda kwa mwendo wa ugomvi.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu na upepo wa kuingia mifupani. Madirisha ya darasa ni nondo tupu. Watoto wamevaa masweta, asiye na sweta kajitanda kanga ya mama yake, na mwalimu anawaimbisha na kuwarukisha mpaka vidole vipate moto wa kushika penseli. Mwalimu mwenyewe ni binti wa milimani, Lushoto huko. Baridi yetu anaiona mzaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kusikia mjukuu wangu ni mjinga wa nini."

"Sijasema mjinga, bibi. Kaa pale nyuma utazame mwenyewe."

Nikajibana kwenye dawati, magoti yakagonga mbao. Kila mtoto ana kifuko cha visoda, vile vizibo vya chupa, ndivyo wanavyohesabia. Mwalimu akasema, "Kila mmoja aweke mezani visoda vinane." Darasa zima likaanza kuhesabu kwa sauti. Wangu alikuwa dawati la mbele yangu. Akatia mikono yote miwili kifukoni, akatoa viwili, huku kimoja na huku kimoja, akaviweka. "Moja." Akatoa vingine viwili. "Mbili." Alipofika nane, mezani pana visoda kumi na sita, vimepangwa vizuri, na yeye kanyoosha mkono juu anangoja asifiwe.

Mwenzake wa pembeni akacheka. "Huyu tena! Mwalimu, kajaza meza!"

Ile mikono ilikuwa yangu. Nazi nazihesabu hivyo tangu nilipoolewa: moja mkono huu, moja mkono huu, unazitupa rundoni pamoja, unasema moja. Mnunuzi anayekuja kuzichukua anajua kuwa hamsini yangu ni nazi mia. Mtoto nilimkalisha pale tangu akiwa mdogo, nikamfundisha kwa majivuno, wala sikumwambia kwamba moja ile ni mbili. Nilidhani anajua. Na mwalimu, mwenye watoto themanini, alikuwa akiona majibu tu. Mikono hakupata nafasi ya kuitazama.

Ningeweza kungoja watoto watoke. Lakini wangu kachekwa mbele ya watu. Nikasimama.

"Mwalimu, kosa si lake. Nimemfundisha mimi." Nikaeleza yote, na mikono nikainyanyua hewani kama nimeshika nazi.

Mjukuu wangu akageuka, macho yamemtoka. "Kwani bibi, wewe hujui kuhesabu?"

Wakacheka mpaka wengine wakalalia madawati. Mwalimu akawanyamazisha, lakini mdomo wake nao ulikuwa unamcheza.

"Najua hesabu za nazi," nikamwambia mtoto. "Hapa fuata za mwalimu wako."

Mwalimu akanitoa nje, akasema atamvumilia mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Akikosea vilevile, anarudi la kwanza.

Tangu siku ile nahesabu nazi moja moja, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Napotea katikati, naanza upya. Mtoto hakai tena rundoni. Nikimwita anasema ana kazi ya shule, na kweli anayo.

Mtihani alipita kwa taabu, hakurudishwa. Majirani walinipa hongera, nikazipokea. Lakini mtoto haniamini tena, hilo siwezi kumwambia jirani. Juzi walikuja wageni, nikamwagiza vikombe vinne vya chai. Akasimama mlangoni ananitazama.

"Bibi, vinne vya shule au vya kwako?"

"Vya shule," nikamjibu, wageni wanasikia.

Akavileta kimoja kimoja. Safari nne.