Mke Mwenzangu Hutolewa Nje Wakati wa Meza ya Bwana

Msomaji wetu huyu ameomba tulifunike jina lake. Tumelifunika. Someni, kisha mumjibu.

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka kama thelathini, maana nilikuwa binti wa kuchunga ndama Wadachi walipojenga boma lao kwetu. Nimeolewa, nimebatizwa, nakaa hapa Ugogo karibu na reli. Siandiki ili mnililie. Machozi yenyewe sina.

Tulikuwa wake wawili katika tembe moja. Mke mkubwa nilimwita Dada. Ndiye aliyenipokea nilipoletwa, akaniachia jiwe lake zuri la kusagia mtama. Mume wetu alipotaka ubatizo, akaambiwa abaki na mke mmoja. Akanibakiza mimi. Sisi wawili hatukuulizwa. Dada akarudi kwa kaka yake, na watoto wake wakabaki kwangu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa.

Sasa Dada naye anasomea ubatizo. Jumapili tunakaa benchi moja, tunaimba, yeye juu mimi chini. Mahubiri yakiisha, wasiobatizwa hutolewa nje, sisi tunabaki kwa Meza ya Bwana. Namsikia huko nje akibembeleza watoto, wake na wangu. Mimi napiga magoti, napokea mkate, nameza. Sisikii kitu. Zamani nilikuwa natoka pale nikiimba njia nzima. Siku hizi ni kama nimebwia unga mkavu, nasubiri tu tuimbe niondoke.

Juzi Mwalimu wa kanisa akaniita. Akasema, "Mama, kabla hatujambatiza yule, Mchungaji atakuuliza mbele ya watu: bado anaingia kwa mume wako? Utajibu ndiyo au hapana, basi."

"Anaingia kuwaona watoto wake, Mwalimu."

"Nyumba si ya mume wako?"

"Ni yake."

"Basi anaingia. Na akiingia, habatizwi."

Nikamweleza Dada. Alikuwa anamsuka binti yake mlangoni kwangu. Akacheka weee! "Makubwa haya! Kwa mume wako nifuate nini, kukoroma?" Kisha akashika fungu jingine la nywele. Akasema, "Mdogo wangu, ubatizo nautaka sana. Ukiniambia nisije tena, siji." Mkono haukuacha kusuka.

Nilipaswa kulia pale. Wapi! Nilikwenda kuchochea moto.

Mume nikamwuliza, akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Jumapili ijayo ndiyo siku yenyewe. Nikisema ndiyo, Dada ataendelea kutolewa nje. Nikisema hapana, nimedanganya kanisani. Nikimzuia asije ili jibu langu liwe kweli, basi nimemnyang'anya watoto, na atanishukuru, namjua. Ninyi mnaokula mkate ule mkasikia utamu wake, niambieni nijibu nini. Mimi nikimwuliza Mungu, sisikii kitu.