Kibuyu cha Doreen

Jeremia alijua mkewe Lucia anaumwa siku alipomimina maziwa mapya kwenye kibuyu kilichooza, akawakaribisha wageni. Lucia huyo huyo! Tangu wahamie Chunyu na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, hakuna kibuyu kilichotiwa maziwa kabla hajakinusa na kukifukiza moshi. Lakini binti yao wa pekee, Doreen, alikuwa amefariki kwa malaria masika ya mwaka ule, barabara ya kwenda hospitali ya Ruangwa ikiwa imekatika kwa mvua. Tangu hapo Lucia hakusikia harufu, hakula, na mwisho hata kusema akaacha.

Majirani walisema yao, midomo haikosi kazi. Vidonge viliposhindwa, Jeremia akampeleka hospitali Dar es Salaam. Huko walimlaza kwa dawa ya usingizi na kumpitishia umeme kichwani, mara nane. Daktari hakumficha Jeremia: huzuni ingepungua, huenda na pua ingeamka, ila kumbukumbu za miezi ya karibuni zingeweza kupotea.

Zikapotea kweli. Asubuhi moja wodini Lucia alilalamika kwamba chai inanuka moshi, akacheka, kisha akauliza, "Doreen umemwacha na nani?"

Jeremia angemwambia. Lakini kicheko kile alikuwa amekikosa mno.

"Yuko kwa bibi yake, kule ziwani," akajibu.

Mjinga wa watu! Alitangulia kurudi nyumbani, akaficha nguo za mtoto, viatu, hata shuka. Kona ya vibuyu hakuigusa, maana katika ukoo wao mwanamume hashiki vibuyu vya maziwa. Akasahau kwamba mtoto wa ukoo huo halali ugenini bila kibuyu chake.

Lucia alipoletwa nyumbani aliingia ndani, akaanza kunusa kimoja kimoja kama zamani. Jeremia alisimama mlangoni, moyo umejaa furaha. Mkewe alikuwa amerudi.

Akafika kwenye kile kidogo chenye ushanga. Alikinusa, akakinusa tena.

"Baba Doreen, maziwa haya yamekauka humu miezi mingi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. "Mtoto amesafiri bila kibuyu chake?"

"Lucia..."

"Na tangu lini unaniita Lucia?"

Jeremia alimshika mikono yote miwili, kibuyu kikiwa katikati, akamwambia ukweli. Jeremia alikuwa ameshamzika Doreen. Lucia alikuwa ndiyo kwanza anafiwa.