Sehemu ya Mwisho Iko Malindi

Saa tatu asubuhi, Zipporah Kahonzi anapangusa kompyuta yake kwa kipande cha leso kuukuu. Meza yake iko mlangoni mwa duka la vitambaa la Mzee Valimohamed, mjini Malindi. Kazi yake ni kuwajazia watu tamthilia kwenye flashi na, kabla ya kuwajazia, kuwachagulia.

Mteja wa kwanza ni Mama Pola, muuza mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie kitu cha kuangalia. Kile cha juzi kimenichosha."

"Siku hizi waangalia na nani?"

"Na baba Pola. Amerudi kutoka Mombasa."

"Basi zile za wanawake kulipiza kisasi tuziweke kando kwanza."

Mama Pola anacheka mpaka anashika meza. Anaondoka na tamthilia ya Kituruki kuhusu ndugu wawili na tanuri la mikate la baba yao. Amepewa sehemu zote isipokuwa ya mwisho, na wala halalamiki. Kila mteja wa hapa anajua kwamba ya mwisho hufuatwa hapa mezani, bila malipo.

"Mtu akiondoka na zote, simwoni tena," anaeleza Zipporah, mzaliwa wa Kakuyuni mwenye umri wa miaka 34. "Akirudi twakaa, aniambia nani kamuudhi, nami namwambia wapi nililia. Hapo ndipo najua nimpe nini tena."

Ujanja wa biashara, utasema, na hutakuwa umekosea. Flashi moja ni shilingi mia, na wateja wamepungua tangu vijana waanze kuangalia kila kitu kwenye simu. Lakini simu haimuulizi mtu anaangalia na nani.

Swali hilo Zipporah hakulitoa hewani. Alipoajiriwa hapa kuuza leso, alimkuta Kashmira, binti wa Mzee Valimohamed, ambaye ni rika lake. Adhuhuri duka hufungwa, watu wakala, wakaswali na kujinyoosha mpaka saa tisa. Mzee akienda nyumbani, wasichana hao wawili walijifungia stoo, nyuma ya marobota ya leso, na televisheni ndogo na sahani moja ya biriani.

"Tulikuwa twagombana kweli kweli," anasema. "Anayempenda yeye, mimi simtaki hata kumwona. Mzee alidhani twagombania kazi."

Miaka sita iliyopita Kashmira aliolewa, akahamia Leicester, Uingereza. Walikuwa katikati ya tamthilia ya Kihindi kuhusu binti wa sonara aliyeposwa na wanaume wawili. Zipporah, ambaye tayari alikuwa na meza yake, alimjazia flashi aondoke nayo. Gari lilipokwisha kuondoka ndipo alipotazama kompyuta, akaona mkono umefanya ulivyozoea. Sehemu ya mwisho ilibaki.

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema. "Rafiki yangu aenda ng'ambo, nami nimemfanya mteja."

Alitaka kumtumia. Kashmira akamkataza, akasema ataifuata mezani mwenyewe kama watu wengine wote. Mwanzoni walipigiana simu kila wiki. Kisha akaja mtoto, ikaja kazi, na simu zikawa za Idi na Krismasi tu.

Mwezi uliopita uliingia ujumbe wa sauti. Zipporah ameusikiliza mara nyingi, na anakubali kutusikilizisha. "Zippo, nichagulie kitu cha kuangalia. Huku saa kumi na moja jioni ni giza. Mtoto akishalala, nabaki naangalia ukuta."

Zipporah alimuuliza swali lake la kila siku: waangalia na nani? Jibu likaja: "Peke yangu."

Jibu hilo lilimchoma. Hata hivyo akamchagulia: moja ya kuchekesha, moja ya kesi mahakamani, moja ya mapishi. Kashmira hakuvuka sehemu ya kwanza ya hata moja.

"Aliniambia si mbaya, ila hana wa kubishana naye," anasema Zipporah, na hapo sauti yake inapungua. "Nami ni hivyo hivyo. Nawachagulia watu mji mzima, nikifika nyumbani siwashi televisheni. Nimemkosa sana."

Saa sita inagonga. Mzee Valimohamed anateremsha mlango wa chuma nusu, anamuaga na kwenda kula. Zipporah anatupeleka stoo. Marobota yamesogezwa. Televisheni ileile imetoka kwa fundi wiki jana, na mbele yake kuna vigoda viwili.

Anaiwasha kuonyesha kwamba inafanya kazi, kisha anaizima. Mpango wake ni mmoja, na ameshamwambia Kashmira kwa simu.

"Nimemwambia kitu cha kuangalia ninacho, ila kiko Malindi. Akaniuliza, 'Yule binti aliolewa na nani?' Nikamwambia sijui."

Hajui kweli. Kwa miaka sita, mwanamke anayetunza mwisho wa hadithi za mji mzima hajaufungua huo mmoja.

"Akaniuliza tena kama kweli sijaifungua. Kisha akasema, 'Desemba shule zikifungwa, namleta mtoto amwone babu yake. Usiifungue, Zippo.'"

Zipporah anakaa kwenye kigoda cha kushoto. Cha kulia, anasema, ni cha mwenyewe.