Mtaro Tulioufukia kwa Ajili ya Wageni

Mama yangu alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nimemrithi. Ndiyo maana naweza kusimulia haya bila kumtwisha yeye peke yake. Masika ya mwaka 1992 tuliishi mtaa wa Muhima, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Nyabugogo. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amejifungua. Kwetu mzazi hatoki chumbani mpaka siku ya nane, siku ambayo mtoto hutolewa nje na baba yake akampa jina. Jambo hilo mama alilishika kama sala.

Siku ya nane huja na wageni, na ua wetu ulikuwa mwembamba. Nyuma ya nyumba, juu kidogo, palikuwa na mtaro wa kukinga maji ya mlima, uliochimbwa kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya wakazi. Mama aliniambia niufukie ili tupate mahali pa kuweka mabenchi. Sikubisha. Niliumaliza asubuhi moja, nikaukanyaga udongo kwa miguu miwili, nikijiona mjanja kweli.

Udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kukosa kitu cha kuushika. Mikaratusi ya juu ilikuwa imekatwa kuni, na sisi tulikuwa tumeumega mlima kwa miezi, tukitafuta udongo wa matofali ya chumba kile kile alicholala wifi.

Siku ya sita mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Mchana, jirani wa ng'ambo ya njia, mzee aliyewahi kuwa kapita, msimamizi wa kazi za barabara, alikuja kwetu amejifunika nailoni kichwani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi akasimama mbele ya mama.

"Mama, mutaro iko wapi?"

"Tuliifunga. Wageni watakaa wapi siku ya mutoto?"

"Sasa maji itapita wapi? Yote inaingia ndani ya mulima. Udongo ikishiba maji, inatembea. Ufa iko pale juu, enda uangalie. Toa mutoto."

"Oya," mama alikataa. "Iko siku sita tu. Atatoka bila jina?"

Nilikwenda kuangalia mimi. Ufa ulimeza kiganja changu. Chini ya ukingo maji yalikuwa yanatoka mekundu, mazito kama uji wa mtama, karibu kabisa na ukuta wa wifi. Jembe nilikuwa nimelishika mimi.

Nilirudi nikamwambia mama tuwatoe. Alinikata jicho, akasimama kwenye mlango wa chumba. Basi nilimsukuma. Mama yangu mzazi, nilimsukuma kwa bega mpaka akajigonga ukutani, na mpaka leo najisikia vibaya nikikumbuka. Wifi alikuwa ameketi kitandani, amesikia yote. Alinipa mtoto, akainuka akishikilia ukuta. Mzee alimpokea mkono. Mama alibaki akisema oya, oya, kisha akatufuata kwa sababu mtoto alikuwa kwangu.

Tulikuwa tumefika barazani kwa mzee mlima uliposhuka. Haukuja kwa kishindo nilichokingoja. Ulisukuma ukuta wa nyuma polepole, ukaingia, na dirisha la wifi likaanza kutema tope. Wifi alikaa chini sakafuni, akalia kimya kimya.

Kaka alirudi jioni kutoka mtaa wa Remera, alikokuwa akishona nguo. Alikitazama chumba, kisha akatujia barazani.

"Mupe jina," mama alimwambia. "Ameshatoka nje."

"Nani alifunga mutaro?"

"Ni mvua. Mvua ya Mungu."

Nilikuwa nimechoka kuogopa. "Mungu hakushika jembe," nikasema. "Ni mimi, na mama ndiye alinituma."

Kaka hakunigombeza, ningeona afadhali angenipiga. Alimchukua mtoto, akamfunika vizuri, akaingia naye ndani kwa mzee. Hakutoa jina siku hiyo, wala siku ya nane. Kila mtoto alipolia, mama alianza kumbembeleza, akafika mahali pa kumwita, akanyamaza.